Mikebe Miwili ya Baruti

Kuna jambo sikulisema kwenye mazishi ya mama mkwe wangu. Mwongozaji alinipa kipaza sauti, nikasimama mbele ya mahema kule Kisii, nikawaeleza waombolezaji jinsi alivyopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kuja Minnesota kumlea mjukuu, jinsi alivyoshuka amevaa sweta tatu mwezi wa Septemba wakati sisi bado tulikuwa tunatembea mikono wazi, na jinsi alivyoiombea miti ya jirani majani yake yalipoanza kupukutika, akidhani imepata ugonjwa. Watu walicheka, wakafuta machozi, wakacheka tena. Mume wangu Nyakundi alikuwa mstari wa mbele, anaangalia viatu vyake. Alijua hadithi hiyo inaelekea wapi, na alijua pia kwamba nitaikatiza njiani. Nikaikatiza njiani, nikarudisha kipaza sauti, nikaketi. Sasa nimerudi Saint Louis Park, huku huku Minnesota, binti yetu yuko chuoni, nyumba imepoa, na ninaona hakuna tena wa kuumizwa na habari hizi. Nyakundi amezisoma kurasa hizi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ameniambia niandike tu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikuwa tumepanga nyumba Coon Rapids, moja ya zile zilizoungana ukuta kwa ukuta na za majirani: vyumba vya kulala juu, jiko na sebule katikati, na chini besimenti yenye chumba kidogo cha wageni na nafasi ya mashine za kufulia. Sikuipenda ile besimenti tangu siku ya kwanza. Ilinuka unyevu na sabuni, balbu yake ilikuwa moja, na ngazi zake zilikuwa wazi kwa nyuma, kiasi kwamba ukishuka unahisi mtu anaweza kukushika kifundo cha mguu. Hofu yangu wakati huo ilikuwa ya kitoto namna hiyo. Nilikuwa sijajua hofu nyingine.

Ilianza Januari. Nyakundi alikuwa akihudumia watu wazima wenye ulemavu katika nyumba moja ya kulelea, upande wa pili wa mji. Huku Januari, saa kumi na moja jioni ni giza tupu. Alitoka zamu, akafika kwenye gari, akasikia kitu baridi kwenye kisogo. Walimchukulia simu, pochi na koti alilokuwa amevaa, wakaenda zao. Hakuguswa hata ukucha. Jumapili tulisimama mbele ya kanisa tukatoa shukrani, watu wakapiga makofi, mchungaji akasema shetani ameaibika. Lakini baada ya siku hiyo Nyakundi hakukaa tena mahali ambapo mlango uko mgongoni mwake. Alikuwa mtu wa mzaha, wa kuniita jikoni anionyeshe upuuzi kwenye simu. Sasa alikula akiwa ameinua kichwa kidogo, anasikiliza gari la nani limepunguza mwendo huko nje. Nikimgusa bega bila kusema kitu kwanza, aliruka. Nilikuwa na mimba changa, na nilijifunza kukohoa kabla ya kuingia chumbani kwangu mwenyewe.

Machi akanunua bastola. Hakunishauri, alinionyesha tu kasanduku kake ka chuma kenye kufuli na kuniambia kako wapi. Nilimwambia sitaki kukajua. Wiki chache baadaye nikagundua kumbe bastola alikuwa nayo ila risasi hazikuwepo. Mwaka huo ziliadimika madukani. Watu walikuwa wanapanga foleni kabla maduka hayajafunguliwa, na Nyakundi alirudi mikono mitupu mara kwa mara, amekasirika, anazungumza peke yake ndani ya gari kabla ya kuingia ndani. Pale kazini kwake kulikuwa na fundi wa kurekebisha mabomba na milango, Mmarekani mzee aitwaye Vernon, aliyekuwa karibu kuhamia kwa binti yake katika jimbo lenye joto. Vernon alimwambia kwamba yeye hanunui risasi tangu ujana wake. Anazijaza mwenyewe nyumbani. Kwa kuwa alikuwa anapunguza mizigo, alimpa Nyakundi mtambo wake wenye mkono wa kuvuta, mizani ndogo, ndoo ya maganda matupu ya shaba, na mkebe wa baruti uliobaki nusu. Alikuja mwenyewe Jumamosi mbili mfululizo kumfundisha, akiwa na chakula chake kwenye mfuko wa karatasi, maana hakutaka kunisumbua, na mimi nikamlazimisha kula chapati.

Nilikaa kwenye zile ngazi nikiwaangalia. Nilitaka kujua ni kitu gani kimeletwa chini ya kitanda changu. Ganda lililokwisha kupigwa huoshwa na kung'arishwa, fataki yake iliyokufa, kile kidude cha kuwashia baruti, husukumwa nje na mpya kuwekwa, halafu hutiwa baruti iliyopimwa kwenye mizani, na juu kabisa hushindiliwa kichwa cha risasi. Vernon alifanya yote hayo polepole, midomo imefumba. Mara chache alizungumza, na karibu kila alichosema kilikuwa onyo. Baruti haifanani, alisema. Ipo inayowaka kwa haraka na ipo inayojivuta, na mkebe mmoja tu ndio ukae mezani, mingine yote rafuni. Ukichanganya, au ukizidisha, bastola inapasuka mkononi mwa mwenyewe. Yeye alimjua mtu aliyepoteza jicho. Alilisema hilo huku anafuta mikono, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mafuta, na mimi nikashika tumbo langu.

Vernon alipohama, Nyakundi akaendelea peke yake. Baruti kama ile ya Vernon haikupatikana, akanunua mkebe wa aina nyingine iliyokuwepo. Mikebe yote miwili ilikuwa ya plastiki nyeusi yenye vifuniko vya rangi ya machungwa, ila karatasi zake za kubandikwa zilitofautiana. "Hizi za kifuniko cha orange hazitoki hapa," aliniambia. "Na hazi-mixiwi. Na ukinikuta nikifanya hii kazi, tafadhali usini-greet. Nikisahau kama nimeweka baruti ama bado, nitaweka mara mbili, na hiyo kitu inalipukia hapa." Akagusa uso wake. Basi ikawa jioni za mapumziko yake anashuka, nami nasikia juu jikoni ule mkono wa mtambo ukishuka na kupanda, na ukimya kati ya mvuto mmoja na mwingine. Ukimya huo ndio ulionitisha zaidi. Jumamosi alikwenda kwenye uwanja wa shabaha ulio wazi, karibu na mto kule Inver Grove Heights, akarudi na mfuko wa maganda matupu, akayaosha, akaanza tena. Kiangazi alinipeleka mara moja nipaone. Sikushuka kwenye gari.

Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Septemba, msichana, Moraa, na kabla ya mwezi kuisha mama mkwe akafika na masanduku yake: unga wa wimbi, majani ya chai, na mbegu za mchicha alizozifunga ndani ya kitambaa. Tulikuwa tumemwandalia chumba cha juu, mkabala na chetu. Alikiangalia kutoka chini ya ngazi, akatabasamu, akasema yeye atalala chini. Kwetu mama hakanyagi upande anakolala mwanawe aliyeoa, na mkaza mwana hamwambii mama mkwe kwamba amekosea, na mambo haya hayakubaki uwanja wa ndege Nairobi, tulikuja nayo. Kwa muda wote aliokaa nasi hakuwahi kupanda ngazi ile, hata mtoto alipolia na mimi nikiwa bafuni. Alisimama chini akiniita, "Mama Moraa, mtoto anakutaka." Kwa hiyo akalala besimenti, hatua chache kutoka kwenye mtambo wa mwanawe. Nyakundi aliufunika kwa shuka na kuiweka mikebe kwenye rafu ya juu ya mashine ya kufulia. Juu hakutaka iwe karibu na mtoto, na gereji ilikuwa na unyevu zaidi. Mama alipouliza kuna nini chini ya shuka, tulimwambia ni vitu vya kazi. Angeliaje akijua mwanawe amenunua bunduki? Tulikubaliana kwa macho tu, tukaona tumemhifadhi.

Alikuwa mwanamke mwema na asiyetulia. Hakuamini mashine ya kukausha nguo, hivyo nepi na vijishati vya mtoto alivianika kwenye kamba aliyoifunga chini huko, na kila asubuhi nilimsikia akipangapanga vitu. Nyumba ilianza kupata harufu ya uji na mafuta ya mtoto, na kuna saa nilisahau kuogopa. Halafu jioni moja mfuniko wa sufuria ukamponyoka jikoni. Kabla haujatulia sakafuni Nyakundi alikuwa amekwisha fika mlangoni, mkono mmoja ndani ya sweta, kwenye bastola, macho ambayo sikuyatambua. Mimi nilikuwa nimembeba Moraa. Mama aliinama akaokota mfuniko, akamwangalia mwanawe anavyojishika, akadhani tumbo linamuuma. Akamchemshia tangawizi, akamsimamia mpaka akaimaliza. Usiku huo nilimlaza mtoto upande wangu, wa ukutani, nikakaa katikati yake na baba yake, na sikumwambia mtu kwa nini.

Theluji ya kwanza ilianguka Jumatano moja ya Novemba. Alhamisi na Ijumaa Nyakundi alikuwa chini na mtambo wake. Jumamosi asubuhi akaondoka na sanduku lake la risasi mpya, nami nikashuka jikoni na mtoto begani. Mama alikuwa anakoroga uji wa wimbi, ule wa mzazi, mzito. Pembeni ya jiko alikuwa ameweka mkebe mweusi wa plastiki, umeoshwa ukang'aa, karatasi yake imebanduliwa, na ndani yake unga. Kifuniko chake kilikuwa cha rangi ya machungwa.

"Mama, mkebe huu umetoka wapi?"

"Huo? Ulikuwa kule chini, juu ya mashine. Ilikuwa mbili, kila mmoja nusu, mbegu za mboga. Nikazimimina pamoja, huu nikauosha na maji moto. Mkebe mzuri namna hii, mnauachaje ukae nusu?"

Nilimuuliza ilikuwa siku gani. Akasema siku ya theluji. Alikuwa amefurahi nilivyouliza, akidhani nimeupenda. Alinieleza kwamba mbegu za watu wa huku ni nyeusi kama za mchicha wetu, ila zimekatwakatwa vibaya, na kwamba majira ya joto yakija tuzipande kule nyuma ya nyumba. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuacha mifuko miwili ya sukari iliyofikia nusu ikae kabatini. Huunganishwa, na chombo kinachobaki huoshwa kikapewa kazi. Hata mimi nafanya hivyo. Nilisimama pale namhesabia Nyakundi siku: Jumatano mikebe imechanganywa, Alhamisi amejaza, Ijumaa amejaza, leo amekwenda kupiga.

Nikampigia simu. Ikaita juu, chumbani kwetu, kwenye chaja. Uwanja ule sikujua namba yake wala jina lake. Vernon alikuwa ameshahama na namba yake ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo iliyofungwa kwa alama ya kidole cha Nyakundi. Nilimkabidhi Mama mtoto. Ningemwambia nini? Kwamba kwa mikono yake, kwa usafi wake, amemtegea mwanawe mtego? Nilimwambia nakwenda kumwona Baba Moraa kidogo, kasahau simu, na kwamba uji asiunywe bado, nataka tuunywe pamoja nikirudi. Hilo lilimpendeza. Akasema nisikawie, mtoto atataka kunyonya.

Leseni nilikuwa nayo tangu kiangazi, lakini kwenye haiwei, ile barabara kuu ya mwendo wa kasi, sikuwahi kuingia peke yangu. Niliendesha gari letu la pili, Toyota kuukuu, kutoka Coon Rapids mpaka ng'ambo ya Saint Paul nikiwa nimeushika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Theluji ilikuwa imesukumwa pembeni, barabara inang'aa maji, malori yananirushia tope kwenye kioo. Maziwa yalianza kunitoka, blauzi ikalowa, nikasikia baridi kifuani. Niliomba, lakini maombi yenyewe yalikuwa mafupi na hayakumalizika. Nilianza "Baba yetu" nikaishia kuona jicho la Nyakundi, lile la kushoto ambalo hulifinya akicheka. Aliyesoma mpaka hapa anajua kwamba Nyakundi yuko hai, maana nimemweka mwenyewe mstari wa mbele wa mazishi. Mimi kwenye daraja la Mississippi sikujua. Nilijua tu kwamba sanduku lina risasi nyingi, na kwamba hakuna anayeweza kusema ni ipi itakayompasukia.

Nilipozima gari pale uwanjani nilisikia milio kupitia madirisha yaliyofungwa. Mmoja, kisha kimya, kisha miwili ya haraka. Nikawaza: kama ni yeye, basi mlio huo umempita salama. Halafu nikawaza: kuna unaofuata. Sikuweza kufungua mlango. Nilikaa nikiwa nimeshika kitasa, na kila mlio ulinipa mume na kumchukua tena. Sijui nilikaa muda gani. Kilichonitoa ni kuliona gari lake. Lilikuwa kwenye kona ya mwisho ya maegesho, mbali na mengine, injini inanguruma, moshi mweupe unatoka nyuma. Ndani kulikuwa na mtu.

Nilikimbia juu ya theluji na viatu vya ndani. Nikagonga kioo bila kuwaza, naye akainama ghafla, mikono juu ya kichwa, uso kwenye usukani. Nilimwita jina mpaka akanitambua. Akafungua mlango wa upande wa pili, nikaingia. Sanduku la risasi lilikuwa pale kwenye kiti, limefungwa. Ilibidi nilipakate ili nipate pa kukaa.

"Umepiga?" nikamuuliza. "Hizi. Umepiga hata moja?"

Alitazama blauzi yangu iliyolowa, akatazama viatu vyangu. "Moraa ako sawa?"

"Moraa yuko sawa. Nijibu."

"Sijapiga," akasema. Kisha akaongeza, "Kerubo, sijawahi."

Nilidhani anasema habari za siku hiyo. Akatikisa kichwa. Tangu Aprili alikuwa anakuja, anaegesha kona hiyo, anakaa. Mara ya kwanza alifika mpaka kwenye mstari wa kupigia na bastola yake, mtu wa pembeni akapiga, na yeye akajikuta amelala chini kwenye kokoto mbele ya watu. Wakamsaidia kuamka. Hawakumcheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Toka hapo husubiri ndani ya gari mpaka wapigaji wamalize, halafu huingia na mfuko kuokota maganda yao. Yale maganda niliyoyaona yakioshwa kwenye sinki langu Jumamosi zote hizo yalikuwa ya watu wengine. Risasi zote alizowahi kuzijaza zilikuwa nyuma, kwenye buti la gari, chini ya blanketi.

"Sasa unazijaza za nini?"

"Nikizijaza nasikia ni kama nimefanya kitu," akasema. "Nikikaa bure nasikia ile chuma hapa." Akagusa kisogo.

Ndipo nikamwambia habari za mikebe. Nilimweleza polepole, mbegu na maji moto na unga wa wimbi, na nikamwona akielewa. Alifungua sanduku mapajani mwangu, akatoa risasi moja, akaishika kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba angeweza kuona ndani. Aliniambia kwamba Alhamisi aliuona mkebe mzito kuliko alivyokumbuka, na ule wa pili hakuuona, akadhani uko nyuma ya sabuni. Hakuhakikisha. Mwaka huo alikuwa ameacha kuiamini akili yake, na alipoona jambo lisilo sawa alijilaumu yeye mwenyewe. Akairudisha risasi mahali pake kwa vidole viwili. Tukakubaliana Mama asijue, na hakujua mpaka tunamzika. Tulimwambia zile mbegu zilikuwa zimeoza na tumezimwaga, na ule mkebe nikauvunja kifuniko kwa makusudi ili nipate sababu ya kuutupa pamoja na unga na uji wake. Alisikitikia unga. Risasi alizichukua msimamizi wa pale uwanjani siku hiyo hiyo, zote, hata zile za zamani, na bastola iliuzwa kabla ya theluji kuisha.

Lakini kabla ya kumwendea msimamizi tulikaa. Milio iliendelea kule mbele, nikaona kila mmoja unavyomwingia Nyakundi mwilini, shingoni kwanza kisha mabegani, na nikafikiria Jumamosi zote alizokaa hapa peke yake akipokea hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kumlilia. Badala yake nikasema kitu ambacho sikukipanga.

"Mimi siogopi wezi, Nyakundi. Tangu Januari nakuogopa wewe. Namlaza mtoto ukutani kwa sababu yako."

Hakugeuka. Kioo kilikuwa kimeingia ukungu na alikuwa anautazama tu.

"Najua," akasema. "Mimi pia najiogopa. Kila siku."

Na sauti hiyo ilikuwa yake, ya mtu niliyeolewa naye. Sikuwa nimeisikia tangu wezi wamvue koti.